Kisamvu cha Mpira Kilicholaza Watu Tisa

Jumamosi moja ya Novemba, nyumbani kwa shangazi yangu Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, walikula watu 23. Sufuria zilitoka saa saba na nusu mchana. Saa tisa haijagonga, mtoto wa jirani alikuwa ameshika kichwa, anasema nyumba inazunguka. Kufika magharibi watu 9 walikuwa chini: kizunguzungu, kichwa, kutapika, miguu haina nguvu. Watoto wawili walikimbizwa kituo cha afya kwa bodaboda. Wote walipona, na kesho yake asubuhi walikuwa wanadai chai. Ndiyo maana naweza kuandika haya bila mkono kutetemeka.

Nayaandika kwa kuwa kila aliyesikia alikuwa na jibu lake mfukoni. Ni samaki. Ni tui lililochacha. Ni jicho la mtu. Nilikaa na kisa hiki wiki kadhaa, nikamhoji kila aliyeshika mwiko siku ile, na nilikoishia ni pabaya kwangu mwenyewe: sehemu ya kosa niliifanya mimi, kwa simu, nikiwa ndani ya daladala. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 19, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kutojua.

Ilivyokuwa

Ami yangu, mdogo wake shangazi, alikuwa amerudi kutoka Maskati baada ya miaka 11. Alipopiga simu kusema anakuja, hakuuliza habari za shamba wala za mgogoro wa mpaka. Aliuliza kama ile mipira nyuma ya nyumba ya zamani Muheza bado ipo. Alitaka kisamvu chake.

Msomaji wa mbali huenda anajiuliza mpira gani unaoliwa. Kisamvu tunachokijua wengi ni majani ya muhogo. Kisamvu cha mpira ni majani ya mti ulio ndugu wa muhogo, mrefu kama mwembe mchanga, wenye utomvu mweupe unaong'ang'ania vidoleni. Kwetu wazee wanaapa kwamba ni kilaini kuliko cha muhogo na kinalipokea tui vizuri zaidi. Mti huo haukuzaliwa hapa. Asili yake ni Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili, na Wajerumani waliupanda katika mashamba makubwa ya Tanga na Muheza mwanzoni mwa karne iliyopita, wakitafuta utomvu wa kutengenezea mpira. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa bora na wa bei nafuu. Wenye mashamba wakaugeukia mkonge, miti ikabaki. Tunda lake likikauka hupasuka na kurusha mbegu, basi ukajipanda wenyewe kwenye mipaka, kwenye magofu, kando ya reli. Mama zetu wakaona jani lake linafanana na la muhogo, wakalitia kinuni. Shamba likafa kibiashara, likazaliwa mboga.

Basi binamu akaenda Muheza Ijumaa, akarudi jioni na makapu mawili. Vuli ilikuwa imeanza wiki tatu nyuma. Mpira hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mvua ikigusa ardhi huchipua kwa fujo, kwa hiyo makapu yale yalikuwa machipukizi matupu, laini, yana wekundu kwa mbali. Shangazi alifurahi kuyaona. Mimi pia ningefurahi.

Jumamosi asubuhi mambo yakaanza kwenda kombo, kidogo kidogo, kila moja kwa sababu ya maana. Bega la shangazi lilikuwa linamuuma tangu Jumanne, hawezi kunyanyua mchi. Kinu chenyewe kilikuwa kimeazimwa na jirani mwenye shughuli yake. Nazi haikukunwa nyumbani, ilikunwa kwa mashine sokoni asubuhi, ikaja kwenye mfuko. Na mpishi alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, mtoto wa Dodoma. Mlenda wake huwezi kuugusa, lakini kisamvu cha pwani alikuwa amekila tu, hajawahi kukipika peke yake.

Wifi akachukua blenda. Majani mabichi yakajisokota kwenye visu, mashine ikanguruma, ikaanza kutoa harufu ya waya unaoungua. Akanipigia.

"Wifi, haya majani hayasagiki."

"Yachemshe kidogo yalainike, ndiyo uyasage," nikamwambia. "Na maji usimwage, vitamini zote zimo humo humo. Sagia hayo hayo."

Ndiyo hivyo. Sentensi tatu.

Akayatia kwenye sufuria ya presha, akafunga mfuniko, dakika 20 juu ya gesi. Akayasaga na maji yake. Akarudisha sufuriani na tui na karanga za kusaga, dakika kama 15, akaonja chumvi, akaepua. Pembeni kulikuwa na wali wa nazi, bada, yaani ugali wa muhogo, vibua vya kukaanga na kachumbari. Kisamvu kilikuwa na rangi nzuri mno. Nilimsifu.

Ami alikata tonge la bada, akachovya, akatafuna polepole. Akakata la pili. Halafu akakisogeza kibakuli pembeni na kusema, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mke wa mwanawe, "Hiki kimekuwa uji wa kijani." Akamalizia vibua. Wifi alinuna. Iweke akilini habari hiyo ya ami na matonge yake mawili.

Kumtafuta mchawi

Kituoni tabibu aliuliza watoto wamekula nini, tukajibu kwa pamoja: samaki. Hatukudanganya, tuliamini hivyo. Kibua ana sifa hiyo. Kibua na jodari wakikaa juani kabla ya kutiwa barafu, nyama yao hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa. Lakini mtu aliyedhurika hivyo huwashwa, huwa mwekundu usoni na shingoni, mdomo humchoma kama amekula pilipili, na mara nyingi huanza kabla hata hajanawa mikono. Hapa hakuna aliyewashwa, na wa kwanza kulalamika alichukua karibu saa moja na nusu.

Usiku ule, watoto walipokuwa wamewekewa dripu na wamelala, nilichukua daftari nikaanza kuwauliza wakubwa mmoja mmoja: ulikula nini, kiasi gani, na nini. Wengine walinicheka. Lakini hesabu ilipokamilika kicheko kiliisha. Samaki walikula watu 20. Watatu ambao hawakumgusa wote walikula kisamvu, na wawili kati yao waliugua. Upande wa pili, watu 6 hawakula kisamvu kabisa, wote walikula samaki, na hakuna hata mmoja aliyeumwa na kichwa. Kibua akaachiwa huru.

Tui nalo lilikuwa kwenye wali pia, nazi zile zile za mfuko ule ule. Wale 6 walikula wali. Maji ya kunywa yalikuwa ya dumu moja kwa wote. Jicho la mtu sikulihoji, ila nilimwambia shangazi kwamba jicho hilo lilikuwa na ubaguzi wa ajabu, linachagua kwa mboga.

Waliokula kisamvu walikuwa 17, na wagonjwa wote 9 wametoka humo. Lakini 8 walikula wakabaki wazima, na hapo ndipo nilipokwama siku kadhaa. Nikarudi kwenye daftari, safari hii nikitazama kisamvu kililiwa pamoja na nini. Kwa bada walikula 8, wakaugua 7. Kwa wali walikula 9, wakaugua 2, na wale wawili ndio watoto wetu wa dripu, mmoja wa miaka minne na mwingine wa sita.

Bada ni muhogo, nao muhogo una historia yake, kwa hiyo nilianza kuushuku. Ila unga ule ule, kutoka mfuko ule ule, shangazi alikuwa amesongea Alhamisi na kula nyumba nzima bila neno. Huenda uliongeza chumvi kwenye kidonda, lakini si huo ulioleta kidonda. Maelezo mepesi zaidi ni ya mkono. Anayekula wali hutia kisamvu kijiko kimoja viwili pembeni ya sahani, ale na samaki. Anayekula bada huchovya kila tonge, na tonge la bada halimezeki bila mboga nyingi ya kuliteremsha. Wa bada walikula kisamvu mara mbili tatu ya wa wali. Watoto wana uzito mdogo, kijiko chao si kijiko cha mtu mzima. Na yule mmoja wa bada aliyebaki mzima ni ami, na matonge yake mawili. Ulimi wake ulimwokoa kwa sababu zisizohusiana kabisa na sumu.

Jani lenyewe linafanya nini

Muhogo na mpira vyote hubeba ndani ya chembe zao kitu kinachoitwa linamarini. Chenyewe kikiwa kimetulia hakina haraka ya kumdhuru mtu. Pembeni yake, kwenye chumba kingine cha jani lile lile, kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja linamarini. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mdudu akilitafuna, kuta zinapasuka, vinakutana, na kinachotoka ni sumu ya sianidi. Hiyo ni silaha ya mti dhidi ya watafunaji, na mti hautofautishi panzi na binadamu.

Sasa, kumlisha mtu jani hilo salama kuna njia moja ambayo mtu asiyeijua angeiona ni wazimu: unaifanya silaha ifyatuke yote kabla hujala. Unaliponda jani bichi hadi hakuna chembe iliyosalimika, kimeng'enya kinakutana na linamarini yote, sianidi inatoka, na inaruka hewani. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi. Joto la Tanga mwezi Novemba peke yake linapita hapo mchana kutwa. Kinachobaki kwenye ungo ni mboga.

Kinu kilikuwa kinafanya hivyo. Miaka yote nilidhani tunatwanga ili kisamvu kiwe laini.

Turudi jikoni kwa wifi, na simu yangu. Kuchemsha majani mazima kunaua kimeng'enya ndani ya dakika chache, kwa sababu ni protini, kama ute wa yai ukikutana na moto. Linamarini haifi kwa maji ya moto. Kwa hiyo dakika 20 za presha zilimuua askari na kumwacha mwizi. Blenda ilipokuja baadaye ikasaga vizuri sana, lakini ilikuwa inawakutanisha linamarini na maiti. Hapo bado kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea: linamarini huyeyuka kwenye maji, na maji yale ya kwanza yangemwagwa, sehemu kubwa ingeondoka nayo. Mlango huo niliufunga mimi na vitamini zangu. Kumwambia mtu asimwage maji ya mboga ni ushauri mzuri kwa mchicha, matembele, majani ya maboga. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi hivyo, kwenye ubao, bila kutaja kwamba kuna jani ambalo sheria hiyo haliihusu. Mfuniko wa presha ulikuwa msumari wa mwisho, maana hata ile sianidi kidogo iliyokwisha kutoka ilikosa pa kwendea.

Na yale machipukizi tuliyoyafurahia? Jani changa hubeba linamarini zaidi kuliko lililokomaa. Mti unalilinda zaidi lile ambalo mdudu analipenda zaidi, na sisi tunalipenda kwa sababu zile zile za mdudu. Mtu wa mjini anayenunua fungu sokoni hupata mchanganyiko wa majani ya kila umri. Sisi tulipata makapu mawili ya watoto wachanga watupu, wiki tatu baada ya mvua.

Hata kule kuchelewa kuugua kuna maelezo. Anayemeza sianidi yenyewe hasubiri saa moja na nusu. Lakini linamarini nzima ikiingia tumboni, sehemu hupita na kutoka na mkojo kama ilivyo, na sehemu huvunjwa taratibu na bakteria wa utumbo. Kiwanda kinaanza kazi huko chini, mlo ukiwa umeshasahaulika, watu wamejinyoosha mkekani. Mwili nao una kinga yake, ini huigeuza sianidi kuwa kitu chepesi kidogo na kuitoa, na kwa kazi hiyo linahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Kiasi kidogo linakimudu. Kikija kingi kwa mkupuo mmoja, kwa mtoto wa kilo kumi na kitu, linalemewa.

Nilimrudia tabibu wiki iliyofuata, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia jambo ambalo nalirudia hapa kama alivyolisema: siku nyingine msiniambie "samaki", niambieni kila kilichokuwa mezani na kilipikwaje. Kwa kizunguzungu na kutapika kulikoisha usiku ule tulikuwa na bahati. Mgonjwa akianza kupumua kwa shida, kuweweseka, kutupa viungo au kupoteza fahamu, huyo ni wa hospitali sasa hivi, na aende na mtu anayejua kilichopikwa.

Wapo walionitajia konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu, uliowahi kuripotiwa Tarime mwaka 1985 na baadaye Mtwara. Huo ni mwingine. Huja kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa kwa wiki na wiki, wakati wa njaa au ukame, bila samaki wala maharage ya kuupa mwili salfa. Sahani moja ya Jumamosi haileti konzo.

"Sikiachi, nakuna nazi"

Sehemu iliyonishughulisha zaidi si kemia. Kemia niliijua, ilikuwa imelala tu. Nilichotaka kujua ni kwa nini hakuna mtu yeyote katika ukoo wetu aliyewahi kutuonya, wakati tunakila kisamvu hiki tangu enzi za bibi yake shangazi.

Nikaenda Pongwe siku bega lilipopona na kinu kimerudi. Nikamwomba shangazi apike kama anavyopika siku zote, mimi nikae na saa na daftari. Aliona ni upuuzi, ila alikubali kwa sharti kwamba nipokee mchi.

Akachambua, akatoa vikonyo, akaosha. Akatia kinuni kwa mafungu, na punje za kitunguu saumu na chumvi kidogo. Tulipokezana karibu nusu saa, na kila nilipodhani kimekwisha alikidaka kwa vidole, akakinyoosha kwenye mwanga, akasema bado, naona jani. Anachotafuta ni kutoona jani. Kipande chochote chenye umbo la jani kinarudi. Kisha akakimimina kwenye ungo, akakitandaza kwa kiganja, akakiacha kivulini. Akavuta mbuzi, akakaa, akaanza kukuna nazi.

Nazi nne, kwa mbuzi, kwa mwanamke mwenye bega bovu, anayesimama kumjibu mpita njia na kumfukuza kuku. Kisha kukamua, tui zito pembeni, jepesi pembeni, kuchuja kwa kifumbu. Tangu kisamvu kilipofika kwenye ungo hadi kilipogusa sufuria ilipita saa moja na dakika kumi.

"Shangazi, kwa nini unakiacha muda wote huo?"

"Sikiachi, mwanangu. Nakuna nazi."

Nilimuuliza tena kwa njia nyingine, kama bibi aliwahi kumwambia kipumzike kwanza. Akasema hapana, bibi naye alikuwa anakuna nazi.

Ndipo nikaelewa jinsi tulivyoangushwa. Saa ile moja ya kungoja, ambayo ndiyo kimeng'enya kilikuwa kinamalizia kazi yake, haikuwa na jina. Haikuwa hatua ya mapishi, hakuna ambaye angemfundisha binti yake "subiri saa moja", kwa sababu hakuna aliyesubiri. Walikuwa na kazi nyingine. Siku nazi ilipokuja imekunwa na mashine, saa ile iliondoka nayo, na hakuna aliyeiona ikiondoka. Kinu kilipoazimwa, kikaondoka na kule kuponda majani yakiwa mabichi. Gesi na presha vikaondoa sufuria pana iliyo wazi na moto wa kuni unaovuta dakika 40. Kila kitu kilichorahisishwa kilikuwa kinabeba mzigo ambao mwenye kazi hakujua kwamba anaubeba.

Kwenye sufuria shangazi alitia maji kiasi, hakufunika. Nilipotaka kufunika ili kiive upesi alinitoa mkono. Sababu aliyonipa ni kwamba kikifunikwa kinakuwa cheusi. Kilipokaribia kukauka kwa mara ya kwanza ndipo akatia tui jepesi, kikachemka tena, kisha tui zito na karanga mwishoni. Jirani aliyekuwa mlangoni alishauri magadi ili kilainike. Shangazi alimjibu kwamba kisamvu kilichotwangwa hakihitaji magadi, anayehitaji magadi ni mvivu wa kutwanga. Ni kweli pia kwamba magadi hula vitamini, ila baada ya yaliyotokea niliona si mahali pangu kuzungumzia vitamini.

Wanaotaka kukata mti

Habari zikasambaa Pongwe, na zilivyosambaa ndivyo zilivyoharibika. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliukata mpira uliokuwa kwenye ua wake, akasema kisamvu hicho ni sumu, wenye akili wanakula cha muhogo. Hili liliniudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Kisamvu cha muhogo kina linamarini ile ile na kimeng'enya kile kile. Ukikipika kama tulivyopika cha mpira, utalala pale pale mkekani. Aliyekata mti alijihakikishia usalama usiokuwepo, na akapoteza mboga inayochipua yenyewe bila mbegu ya kununua wala mbolea.

Tena muhogo anaousifu una deni kwa mti aliouangusha. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg alieleza ugonjwa uliokuwa unakunja majani ya muhogo huku kwetu Usambara, ule tunaouita batobato. Miongo minne baadaye, pale Amani juu ya Muheza, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, watafiti Storey na Nichols wakiwa chini ya Waingereza waliuchanganya muhogo na ndugu zake kutafuta unaostahimili. Ndugu aliyefaa alikuwa huyu mpira. Vizazi vya mchanganyiko ule vilisafiri hadi Nigeria, na damu yake imo kwenye mbegu nyingi za muhogo zinazostahimili batobato Afrika hii. Nilimweleza mama yule. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nataka kuni.

Kosa jingine, la upande wa pili, ni la wanaosema rudini kwenye kinu na acheni mashine. Ni rahisi kusema hivyo kama bega si lako. Wifi ana kazi, shangazi anazeeka, na sokoni tayari kuna kisamvu kilichosagwa kwa mashine kikiwa kibichi ambacho watu wanakula miaka na hakuna kinachowapata, kwa sababu kimesagwa kibichi na kimekaa kwenye beseni nusu siku kabla hakijanunuliwa. Mashine haina hatia. Tatizo la blenda yetu lilikuwa dogo na la kijinga: majani mengi kwa wakati mmoja, bila maji.

Kwa hiyo wiki ya nne tulijaribu, mimi na wifi, watu wazima watupu, kiasi kidogo. Tukayakatakata majani mabichi kwa kisu, membamba kama tumbaku. Tukatia kwenye blenda konzi moja moja na maji baridi ya kutosha kuyazungusha, tukasaga hadi hakuna jani linaloonekana, kwa kipimo kile kile cha shangazi cha kunyoosha kwenye mwanga. Tukakimimina kwenye sinia pana, tukakitandaza, tukakiweka kivulini barazani. Wifi akaweka simu ikae saa moja na nusu ndipo iite, na sote tukakatazwa kukigusa. Muda ulipokwisha, sufuria pana, bila mfuniko, moto wa wastani, kikachemka hadi kikakauka, kikaongezwa maji, kikakauka tena. Tui. Karanga.

Tulikula saa nane. Saa nane na nusu tulikuwa tunatazamana. Saa kumi wifi akaanza kucheka, kila mtu akijishika kichwa kuhakikisha kipo. Saa kumi na mbili tulikuwa wazima wote, tunakunywa chai.

Ami alikuwa amekuja na kaka, na alikubali kuonja. Alikata tonge la bada, akachovya, akatafuna kwa makini ya mtu anayepima dhahabu. Akakata la pili. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, hapumui.

"Mwanangu, sasa hakina sumu," ami akamwambia. "Lakini bado ni uji."

Akanawa, akavaa kandambili, akatoka kwenda kwa jirani kuazima kinu.